Kijana wangu amemwagia maji jiko la bibi yake, anasema mkaa unaichoma dunia

Shikamoo Mama Mshauri,

Nina miaka 39, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Ni fundi cherehani, nimeolewa, nina watoto watatu. Tunaishi na mama yangu mzazi, ambaye kwa miaka 26 amekuwa akiuza mkaa kwenye kibanda mbele ya nyumba. Nakuandikia usiku, wenzangu wote wamelala, kwa sababu nyumba yangu imegawanyika na siku ya kumjibu kaka yangu imekaribia.

Nianze na mama. Baba alifariki nikiwa na miaka 13. Mama alikopa gunia moja la mkaa, akaketi barabarani, akawa anapima kwa kopo la rangi lililokwisha. Kopo hilo hilo analo mpaka leo, limepinda mdomo, na wateja wake hawataki kupimiwa kwa kopo lingine. Ada yangu ya sekondari, cherehani yangu ya kwanza, mabati ya nyumba tunayolala, vyote vimepita kwenye kopo lile. Siwezi kuusema vibaya mkaa.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Mwaka huu alijiunga na klabu ya mazingira shuleni. Nilifurahi, maana ni mtoto mpole, hana makundi. Alipanda mwarobaini uani, akawa anaumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Baadaye akaanza maneno. Kwanza ilikuwa utani: "Bibi, kila gunia ni mti." Mama akicheka. Kisha akaanza kuwaambia wateja. Siku moja mama mmoja jirani alikuja kununua kopo mbili, mtoto akamwambia, "Mnanunua mafuriko." Jirani aliondoka na pesa yake mkononi.

Hilo la mafuriko halikutoka hewani. Masika ya mwaka 2024 maji ya mto Mzinga yalitufikia ndani. Cherehani yangu ya umeme iliingia maji, mota ikafa. Tulilala juu ya meza siku mbili na watoto. Tangu hapo kijana wangu hapendi mvua. Ikianza kunyesha usiku anaamka anakaa mlangoni na tochi.

Alhamisi iliyopita mama alikuwa amebandika maharage tangu alasiri. Mtoto alirudi shuleni, akasimama akalitazama jiko, kisha akachota maji ndooni akalimwagia. Hakusema neno. Mvuke na majivu vikaruka vikamjaa mama usoni na kwenye kanga. Mama hakupiga kelele. Aliepua sufuria, akajipangusa macho, akasema, "Mkaa huu ndio uliomsomesha mama yako mpaka ukazaliwa wewe." Akaingia ndani. Tangu siku hiyo mtoto hali chochote kilichopikwa kwa mkaa, anashinda na mihogo ya kukaanga ya kununua (nayo sijui imekaangwa kwa nini!), na bibi yake hasemi naye.

Mume wangu ameamuru mtoto ajitoe kwenye klabu. Anasema hayo ni mambo ya wazungu, wao wameshapika wakashiba, sasa wanatukataza sisi kuwasha jiko.

Katikati ya hayo kuna kaka yangu. Yeye ana Fuso. Kikoba chetu kimevunjwa, nimepata shilingi 2,400,000. Kaka anataka nimpe milioni mbili alete magunia mia kutoka upande wa Kilwa kabla masika hayajafunga njia, tumjazie mama stoo, faida tugawane. Nilipomuuliza kibali alicheka, akasema njia anazijua. Anataka jibu mwisho wa mwezi.

Mama Mshauri, nisaidie. Je, ni kweli mama yangu anaharibu dunia? Tukiacha mkaa, mtu mmoja mmoja kama sisi, joto litapungua? Nikimpa kaka pesa nitamtazamaje mwanangu, na nikimnyima nitamtazamaje mama? Nimechoka kuwa katikati.

Binti wa Muuza Mkaa, Mbagala

---

Marahaba mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliishia kwenye lile kopo lililopinda mdomo, nikaiweka chini kwanza.

Nione kama nimekuelewa. Una mzigo wa aina tatu, na umefungwa kwa kamba moja. Kuna ugomvi kati ya mama yako na mwanao, ambao kwa sura unahusu mkaa. Kuna swali la elimu: dunia inapataje joto, na nyinyi mna sehemu gani ndani yake. Na kuna shilingi milioni mbili zenye tarehe. Kwa kuwa vimekuja pamoja, unahisi jibu la kimoja litakuwa jibu la vyote: ukimpa kaka pesa umemsaliti mtoto, ukimnyima umemsaliti mama. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu sina hakika kwamba kamba hiyo inafunga kweli.

Nianze na elimu, maana mtoto ameibeba ndani ya nyumba na hakuna mtu mzima aliyekaa naye kuipima.

Unalijua kawa, lile la ukili tunalofunikia chakula. Kawa halina moto. Lakini wali uliofunikwa unabaki wa moto kwa sababu joto linalotaka kutoka linazuiwa. Dunia nayo ina kawa lake, ni hewa. Jua linaipasha ardhi, ardhi inarudisha joto juu, na baadhi ya hewa, hasa mvuke wa maji, hewa ukaa (ile inayotoka kitu kikichomwa) na gesi iitwayo methani, hulizuia sehemu ya joto hilo lisitoroke. Kawa hilo ni neema. Bila hilo wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, na Mbagala kungekuwa barafu. Tabu ni kwamba tumelifanya kawa kuwa zito. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa kulikuwa na chembe 280 hivi za hewa ukaa. Mwanasayansi Mmarekani Charles Keeling alipoanza kuipima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Sasa zimepita 420. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyowahi kupimwa, takriban nyuzi moja na nusu juu ya ilivyokuwa kabla ya viwanda. Kwa sikio hiyo ni ndogo. Lakini wewe ni mama: mtoto akitoka nyuzi 37 akafika 38 na nusu, hulali.

Nyongeza hiyo imetoka wapi? Sehemu kubwa kabisa imetoka kwenye makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochimbwa ardhini na kuchomwa kwenye mitambo ya umeme, viwanda, magari, meli na ndege. Ukataji wa misitu umo, na ni mkubwa, lakini unafuata nyuma. Ukiigawa hewa ukaa ya hiyo mitambo, viwanda na magari kwa kichwa, Mtanzania mmoja anapata kama robo tani kwa mwaka. Mmarekani anapata karibu tani 14. Afrika nzima, na wingi wetu wote, tunatoa asilimia 4 hivi ya ile ya dunia.

Kwa hiyo mume wako, pamoja na ukali wake, ameshika jambo la kweli: waliolijaza kawa kwa sehemu kubwa si sisi. Asichonacho ni ile sehemu ya pili. Hesabu ya jambo hili si mtego uliobuniwa juzi ili sisi tusipike. Mwaka 1896 mwanasayansi Msweden Svante Arrhenius alishaonyesha kwamba kuongezeka kwa hewa ukaa kutaongeza joto, na wakati huo hakuna aliyekuwa akiifikiria Mbagala. Tena joto haliulizi nani aliwasha moto. Maji ya mto Mzinga hayakuuliza.

Sasa mkaa. Hapa mwanao ana haki nusu, na nusu hiyo tusimnyang'anye. Kwa tanuri la udongo la kienyeji, kupata kilo moja ya mkaa unachoma kilo sita mpaka kumi za mti, na ule moshi unaofuka siku nzima porini una methani ndani yake. Takwimu za serikali zinataja zaidi ya hekta 400,000 za misitu zinazopotea nchini kila mwaka. Mkaa umo humo, ingawa kufyeka mashamba mapya ndiko kunakoongoza. Lakini kuna jambo ambalo huenda klabu haijafika: mti si kama makaa ya mawe. Hewa ukaa inayotoka kwenye mkaa, mti uliivuta kutoka hewani ulipokuwa unakua, na ukiota mwingine utaivuta tena. Miti ya miombo ikikatwa vizuri na kuachwa, visiki vyake huchipua. Kuna vijiji vya Kilosa, Morogoro, vilivyoanza mwaka 2012 kuvuna mkaa kwa vipande vya mraba kwenye misitu yao wenyewe. Kipande kikishavunwa kinapumzishwa miaka 24. Mkaa wa msitu wa namna hiyo na mkaa wa msitu uliofyekwa ukaachwa uwanda havifanani, hata kama kwenye kopo la mama yako vinaonekana sawa.

Na mafuriko je? Mwambie mwanao, kwa upole, kwamba "mnanunua mafuriko" ni sentensi iliyoruka hatua nyingi. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, hivyo mvua ikija huweza kuja kwa kishindo, na bahari yenye joto ndiyo chakula cha vimbunga. Lakini mvua moja au kimbunga kimoja hakina baba mmoja. Msimu ule wa 2023 na 2024 ulikuwa na El Niño pia, yaani lile joto la bahari ya Pasifiki linaloongeza mvua huku kwetu. Na mto kuingia ndani ya nyumba kunategemea vilevile nani kajenga wapi, mfereji gani umezibwa na taka, bonde gani limejazwa kifusi. Ukimwachia mtoto aamini kwamba gunia la bibi ndilo lililoua cherehani ya mama yake, umemtwisha chuki nyepesi kuliko ukweli.

Hapo nimefika pale barua yako iliponishika. Mtoto wa miaka 15 anayeamka usiku mvua ikinyesha, akakaa mlangoni na tochi. Umeliandika kwa mstari mmoja, ukapita. Mimi sikuweza kupita. Najiuliza kama aliyemwaga maji Alhamisi ile alikuwa mwanaharakati wa mazingira au mtoto mwenye hofu aliyeona kitu kimoja tu katika dunia nzima ambacho mkono wake unaweza kukizima. Hawezi kuzima mitambo ya makaa ya mawe, hawezi kusimamisha ndege. Jiko la bibi liko pale chini, kimo cha goti lake. Sisemi alifanya vyema. Kumrushia bibi majivu usoni ni kosa, na nadhani anahitaji kuliomba radhi kwa mdomo wake, siyo wewe umwombee. Lakini radhi ya kitendo ni kitu kimoja, na kumwambia hofu yake ni upuuzi wa wazungu ni kingine. Akitolewa kwenye klabu, hofu itabaki, ila itakuwa haina pa kusemewa. Huenda baba yake akimuuliza swali moja tu, "Usiku ule wa maji uliogopa nini zaidi?", atasikia kitu ambacho klabu haikumfundisha.

Na mama yako. Umenieleza alichofanya kwa miaka 26, umenieleza alichosema. Hujanieleza anachotaka. Una hakika anataka stoo ijazwe magunia mia? Ana umri gani sasa, nani atayapanga, nani atayachambua? Nakuuliza kwa sababu marehemu mama yangu alipikia mkaa na kuni maisha yake yote, jikoni kwa bati nyeusi tii kwa masizi, nasi watoto tulidhani kile kikohozi chake cha alfajiri ni tabia yake, kama mtu anavyokuwa na namna yake ya kucheka. Kuna siku alisema, "Mimi jiko limenichosha," na hatukumsikia, kwa sababu sote tulikuwa tumekwisha kumfanya kuwa mwanamke wa jiko lile. Tunaweza kuiheshimu kazi ya mzazi mpaka tukamfungia ndani yake. Mama yako anakohoa? Alishawahi kukwambia amechoka? Na kama bado anaipenda kazi yake na wateja wake, nalo ni jibu, nasi tuliheshimu.

Moshi wa jiko, kwa njia, uko karibu nanyi kuliko kawa la dunia. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama milioni 3 kila mwaka duniani kutokana na hewa chafu ya majikoni. Wengi ni wanawake na watoto wadogo. Na nikusihi hili kabla sijasahau: masika ikija, watu huingiza jiko la mkaa ndani wakafunga mlango. Mkaa hauna moshi mwingi wa kuonekana, ila una hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu, na inaua watu usingizini. Hilo lisingoje uamuzi wowote.

Tuje kwenye milioni mbili. Pesa ni yako na jasho ni lako, kwa hiyo nitakutandikia tu ninayoyaona.

Kaka yako hajakosea kuhusu soko. Mtaani kwenu watu bado wanapika kwa mkaa, na wataendelea kwa muda. Anayepata pesa kwa siku hununua kopo, hawezi kutoa elfu ishirini na kitu kwa mkupuo kujaza mtungi mdogo wa gesi. Mama yako anaijua saikolojia hiyo kuliko wataalamu wengi. Lakini magunia mia bila kibali ni jambo tofauti na kopo la mama. Wakala wa Misitu wana vizuizi barabarani. Mzigo usio na hati hutaifishwa, na gari linaweza kuzuiwa pamoja nao. "Njia nazijua" ni maneno ya dereva, na hasara itakuwa ya mwenye mtaji. Isitoshe, mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mwezi Mei, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga. Joto hili ambalo mwanao analiogopa huenda limeshaanza kuigusa hata biashara yenyewe ya mkaa. Na upepo wa sera unajulikana unakoelekea: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliagizwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo litafikiwa au halitafikiwa, sibashiri. Nakuuliza tu: kama ungempa kaka pesa, ungeweza kumpa kwa sharti la kibali na mzigo mdogo zaidi? Akikataa sharti hilo, kukataa kwake kunakuambia nini?

Kuna njia ya kibanda kile kile kubadilika taratibu. Mitungi ya gesi ni mojawapo. Gesi nayo ni mafuta ya ardhini, tusijidanganye, lakini haiwaki kwa miti ya Kilwa wala haijazi moshi machoni. Inataka mtaji wa mitungi, leseni, na sehemu salama, na kuiweka mitungi pembeni ya stoo ya mkaa ni hatari ambayo mtu wa zimamoto hataikubali, wala mimi siikubali. Njia nyingine ni mkaa mbadala. Mama yako anabaki na chenga kila siku, sivyo? Chenga zikichanganywa na uji wa unga wa muhogo zikafinywa na kukaushwa juani, zinauzika, na hapo hakuna mti mpya unaokatwa. Wapo wanaotumia vifuu vya nazi. Ila kazi ni chafu, masika haikauki, na wateja wake watalalamika mwanzoni kwamba unachelewa kushika moto. Uwe macho pia ukinunua uliokwisha tengenezwa: baadhi ya mkaa mbadala sokoni umetengenezwa kwa makaa ya mawe, ambayo ndiyo hayo hayo tuliyoyasema juu.

Na kuna njia ndogo zaidi, ambayo haiingii kibandani kabisa. Jiko la presha la umeme, lile la kupikia maharage. Kilo moja ya maharage hutumia kama nusu uniti au pungufu, na uniti moja ya LUKU kwa nyumba nyingi haifiki shilingi 400. Linganisha na makopo mangapi mama anayotia jikoni tangu alasiri. Bei ya jiko lenyewe si ya mchezo, na ugali huusongi humo, wala chapati. Umeme ukikatika unarudi kwenye mkaa, na si dhambi. Lakini Alhamisi ya maharage ingekuwa tofauti.

Umeniuliza kama mtu mmoja mmoja akiacha, joto litapungua. Kwa kipimo cha kawa la dunia nzima, nyumba yako haitaonekana, na yeyote anayekwambia vinginevyo anakupamba. Orodha zile za "fanya hivi uokoe dunia", punguza kupanda ndege, acha gari nyumbani, punguza nyama, zimeandikiwa watu wenye ndege, gari na nyama ya kila siku. Wao waambiwe, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu kwao kila kimoja ni tani. Lakini nyumba moja si kitu cha bure. Jirani aliyeondoka na pesa yake mkononi angemsikiliza mama yako kama mama yako ndiye angemwambia, "Maharage siku hizi napikia hiki, njoo uone." Hasikilizwi hivyo waziri, wala mtoto wa kidato cha pili. Na mfereji wa mtaa wenu ukizibuliwa kabla ya masika, na mwarobaini ule ukipewa wenzake kumi, joto la dunia litabaki pale pale lakini nyumba yako itakuwa imejiandaa kulipokea. Hiyo nayo ni kazi ya tabianchi. Klabu ya mwanao ina mikono ya kuifanya.

Kabla ya mwisho wa mwezi, ningependa ujaribu jambo moja, kama moyo wako unakubali. Mama ana daftari la mauzo, nadhani, au analo kichwani. Mwombe mwanao, baada ya radhi yake kupokelewa, akae na bibi yake kibandani Jumamosi moja, aandike: magunia yaliyoingia, yametoka wapi, makopo yaliyouzwa, chenga zilizobaki, pesa iliyokwenda wapi ndani ya nyumba. Bibi aseme, yeye aandike. Asimfundishe. Amwulize tu. Inawezekana atagundua kwamba daftari lake la shule nalo limo kwenye hesabu ile. Inawezekana bibi naye ataona kwa mara ya kwanza magunia ya mwaka mzima yakiwa mstari mmoja, akanyamaza kidogo. Au watagombana upya, lakini safari hii wakiwa na kitu mezani kati yao.

Kisha umwite kaka yako, daftari likiwa wazi, na mama yako akiwa ameketi hapo. Ni stoo yake. Muulize yeye kwanza kama anataka magunia mia, nawe usimjibie. Ukipata nafasi niandikie tena uniambie alisema nini.